Pikipiki ya theluji inakata ikishachemka, plagi zote mbili hazina cheche, ikipoa inawaka

mdigo_wa_baridi

Salaam wakuu. Najua wengi humu ni watu wa boda na bajaji na Noah ila naomba mnivumilie maana injini ni injini tu. Niko Minnesota kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Kanada, na nina pikipiki ya theluji, ile yenye mkanda mpana wa raba nyuma na mbele ina miguu miwili ya kutelezea. Ni ya miaka ya tisini mwishoni, tu-stroki, silinda mbili, kabureta mbili, inapozwa kwa feni haina rejeta, unaiwasha kwa kuvuta kamba kama jenereta ya dukani, betri haina kabisa. Ndo usafiri wangu wa kwendea kuvua ziwani maji yakishaganda.

Sasa shida yake. Asubuhi baridi ya hasi 20 inaitika vizuri tu sina malalamiko, naondoka nayo kama robo saa hivi, halafu INAKATA. Haikohoi, haipungui nguvu, haitoi mlio wa ajabu, inakata kama mtu kazima swichi ya taa sebuleni. Navuta kamba mpaka natoka jasho ndani ya koti na jasho kwenye baridi hii ni hatari yenyewe, wala haistuki. Nikichomoa plagi nikaiegesha kwenye kichwa cha silinda nikavuta, hakuna cheche, kushoto hakuna kulia hakuna. Nikikaa nikaisubiri mpaka ipoe inawaka kama vile haijawahi kuumwa, naenda kidogo, inakata tena.

Plagi ni mpya, BR9ES kama kitabu kinavyosema, gepu 0.7 mm. Mafuta yanafika, nikichomoa plagi imelowa. Niliipeleka kwenye duka moja huku wakasema CDI (kile kiboksi cha umeme kinachopigisha cheche) imekufa, wakafunga nyingine ya mtumba, nikalipa pesa nzuri tu, nimefika nyumbani nimezunguka nayo nyuma ya nyumba ikakata vile vile. Kuwauliza wananiambia basi itakuwa wayaringi yote irudishwe tena. Siirudishi ng'o.

Nina multimita ya bei rahisi na kitabu cha mtambo cha pdf. Nianzie wapi?

chai_maharage

mdigo kwenye barafu 😂😂 sisi huku Kariakoo feni ya dari ikizidi tunajifunika shuka. sina msaada bro nimekuja kusoma tu

buda_wa_edmonton

Sasa mkuu. Niko Alberta, hizi vitu ndio tunapanda huku weekend, tunaziita sledi. Kwanza pole, hiyo story ya kubadilishiwa CDI bila mtu kupima kitu nimeisikia mara nyingi sana, mtu akikosa kujua anakuuzia box nyeusi.

Angalia hivi. Kama ni upande mmoja tu umekosa cheche ningekwambia angalia plagi, kofia ya plagi, waya ya plagi. Lakini yako ni zote mbili na zinapotea pamoja, so hizo vitu za mwisho zote achana nazo. Kwa hizi injini za silinda mbili nyingi koili ya moto ni moja yenye waya mbili, inapiga cheche kwa plagi zote mbili kwa pamoja, moja inachoma mafuta ingine inapiga bure kwa silinda ambayo haina shughuli. Kwa hivyo tafuta kile kitu ambacho zote mbili zinashare.

Na mimi ningeanza na swichi za kuzimia. Sledi iko na swichi nyingi za kuizima kuliko pikipiki yoyote unajua: ufunguo, ile kitufe nyekundu ya mkono, ile kamba unajifunga kwa koti ukianguka inachomoka, na kuna ile ya usalama ya akseleta ambayo watu husahau. Hiyo ya akseleta kazi yake ni hii, barafu ikishika kabureta ikabaki wazi na wewe umeachilia kidole, kebo inalegea, swichi inaona kebo imelegea na inazima injini ndio usiingie kwa mti. Sasa kebo ikikaa vibaya kidogo ama maji iingie kwa hiyo swichi, inakuzimia ukiwa unaenda zako sawa kabisa. Nimeona watu wamenunua stata (ile sahani ya koili chini ya flaiwili), CDI, koili, kila kitu, na shida ilikuwa hako kaswichi kadogo kwa mkono.

Kupima ni rahisi. Kwa sledi nyingi za magneto (zinajitengenezea umeme na sumaku ya flaiwili) swichi zote zinazima kwa kugusisha waya mmoja wa CDI kwa bodi, yaani chuma ya mashine. Tafuta hiyo soketi inaenda kwa hizo swichi, ichomoe, kisha washa. Kama haikati tena, umepata. Lakini soma mchoro wa wayaringi kwa kitabu kwanza juu kuna chache zinafanya kinyume, ukichomoa haziwaki kabisa. Na ujue ukiichomoa HAUTAWEZA kuzima injini na ufunguo, itabidi uvute choki mpaka ijae petroli ife, ama urudishe soketi. Usiende nayo barabarani hivyo, tafadhali.

fundi_mkokotoni

Assalaam aleikum. Mie ni fundi wa mashine za boti Unguja kaskazini, theluji naiona kwenye simu, lakini hiyo mashine unayoieleza mwanangu mie naijua. Tu-stroki, silinda mbili, kamba ya kuvuta, magneto, CDI, hiyo ni Enduro 40, mashine ya boti ya Yamaha, iliyovaa koti. Ndani ni yale yale.

Huyo ndugu wa Kanada kasema kweli, swichi za kuzimia ziangaliwe mwanzo kwa sababu ni bure, kuchomoa soketi hakugharimu hata senti. Lakini mie hapo moyo wangu haupo. Swichi ikiwa mbovu hukata ovyo, hukata ukipiga shimo, hukata ukigeuza usukani, asubuhi hukata mchana hukata. Yako inakata ikishachemka na inarudi ikishapoa, kila siku mtindo mmoja. Hiyo ni koili. Na sio ile koili inayokwenda kwenye plagi, ni hii iliyokaa chini ya flaiwili, inayolisha CDI.

Nikueleze inavyokwenda maana ukijua njia ya umeme hutapotezwa na mtu. Flaiwili ina sumaku ndani, inazunguka juu ya sahani yenye koili. Koili moja nene ni ya taa. Nyingine waya wake mwembamba kama unywele, imesukwa mizunguko mingi mno, hiyo ndiyo inatoa volti mia na zaidi kulisha CDI. Na ipo ndogo pembeni inayoiambia CDI saa ngapi ipige, sisi twaiita pulsa. CDI yenyewe ni kama ndoo, inajazwa na ile koili ya waya mwembamba, pulsa ikisema sasa, inamwaga yote kwa mpigo kwenye koili ya plagi, ile inapandisha mpaka maelfu kwa maelfu ya volti, cheche inaruka. Kwa hiyo ndoo isipojazwa, hata ukiweka CDI mpya ya dukani iliyofungwa kwenye karatasi, haina cha kumwaga.

Ule waya mwembamba ukishakatika ndani ya koili, hutouona. Ikiwa baridi ncha mbili zinagusana, umeme unapita. Ikichemka waya unatanuka, ncha zinaachana, basi. Ndiyo maana inakata kama swichi, haikohoi. Mashine ya kabureta chafu hukohoa kabla haijafa.

Fanya hivi. Chomoa swichi za kuzimia kama ulivyoambiwa. Ikikata tena, usivute kamba kwa hasira, fungua kifuniko HAPO HAPO ikiwa ya moto, chomoa soketi inayotoka kwenye magneto kwenda CDI, pima ohm za ile koili ya kulisha na za pulsa. Halafu pima tena ikiwa baridi. Kitabu chako kitakuwa na rangi za waya na namba zake. Ukipima koili ikiwa imepoa peke yake, unampima mgonjwa siku aliyopona.

Na jambo moja, ukijaribu cheche hakikisha plagi imegusa chuma vizuri, zote mbili. Usivute kamba huku waya wa plagi unaning'inia hewani, umeme ule ukikosa pa kwenda unarudi kuchoma koili au CDI. Na tundu la plagi uliloliacha wazi linatoa mvuke wa petroli, weka plagi ya kujaribia mbali nalo.

mdigo_wa_baridi

Fundi na buda, ahsanteni sana, mmenipa mwanga. Nimefanya jana jioni.

Soketi ya kuzimia niliipata chini ya usukani, waya mweusi na mwingine, nikachomoa, nikawasha ikawaka, nikainua mkia juu ya stendi mkanda uwe hewani nikaiacha inanguruma taratibu nje ya banda (ndani ya banda hapana, moshi huo unaua mtu bila kumwamsha). Ikachukua muda ila ikakata. Kwa hiyo swichi sio.

Lakini nimechanganyikiwa na vipimo. Nimekimbilia kuipima koili asubuhi hii kabla sijaiwasha, ikiwa baridi kabisa, bandani hasi 19. Kitabu kinasema koili ya kulisha CDI iwe ohm 220, yangu inasoma 188. Taa ni chini ya ohm moja, sawa na kitabu. Pulsa nayo imeshuka kidogo chini ya ya kitabu. Sasa hii 188 si ndo imeshaungua? Nimetazama kwenye video jamaa anasema ikisoma chini ujue mizunguko imegusana ndani.

buda_wa_edmonton

188 badala ya 220 hiyo ni short buddy. Imechoma varnish ndani, mizunguko zingine zimeshikana. Ushapata jibu, agiza sahani nzima.

mama_wawili_oulu

Ngojeni kwanza msimwambie anunue. Mimi nimesomea umeme huku Finland na ndo kazi yangu, huku hizi mashine kila nyumba ya kijijini inayo.

Hiyo 188 ni nzima. Namba za kitabu ni za nyuzi 20 juu ya sifuri, ukisoma vizuri pembeni ya jedwali wameandika. Shaba ikipoa ukinzani wake unashuka, kama asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja. Toka nyuzi 20 mpaka hasi 19 ni tofauti ya nyuzi 39, piga hesabu inashuka karibu asilimia 15, 220 inakuwa kama 186. Yeye kapata 188. Yaani ingesoma 220 kamili kwenye baridi hiyo ndo ningeshtuka. Na ndo maana pulsa nayo imeshuka, zote ziko kwenye friji moja, haiwezekani zote ziungue kwa kiwango kile kile.

Hili linawaponza watu wengi sana huku kaskazini kwa sababu anapima gereji isiyo na hita, analinganisha na kitabu kilichopimwa kwenye chumba chenye joto, anatupa koili nzima. Kabla ya kupima pia gusanisha nyaya mbili za multimita uone zenyewe zinasoma ngapi, hizi za bei rahisi huwa na ohm yake moja au zaidi, kwa koili ya taa hiyo inaharibu kipimo kabisa. Na betri ya multimita ikiwa imeganda inadanganya, itunze ndani ya koti mpaka utakapoitumia.

Fundi wa Unguja yuko sahihi, kipimo kinachotakiwa ni cha moto. Ukikipata cha moto kitapanda kuliko cha kitabu na hiyo pia ni kawaida, tunachotafuta sio kupanda ni kukatika.

fundi_mkokotoni

Mashallah dada, hilo la baridi sikulijua maana huku nyuzi 20 yenyewe tunaita kipupwe 😄 Hapa koili ikisoma chini tunasema imeungua na tunakuwa sawa. Nimejifunza.

chai_maharage

hii thread imekua darasa la fizikia, mwalimu wangu wa form two angelia machozi ya furaha

mdigo_wa_baridi

Nimepata!!

Leo nimeizungusha nyuma ya nyumba, nimeacha kava limefunguliwa na soketi ya magneto nimeshailegeza ili nisipoteze muda. Ikakata kama kawaida yake. Nimeruka chini, glavu nikaing'ata na meno, nikachomoa soketi, nikachomeka multimita kwenye zile waya mbili za koili ya kulisha. Imeandika OL. Hakuna kitu, mstari tupu. Pulsa inasoma vizuri imepanda tu kidogo. Taa iko sawa. Nikabaki nimechuchumaa pale na multimita mkononi naitazama, OL, OL, OL, vidole vinakufa ganzi siwezi hata kuigeuza swichi yake, halafu ghafla tu ikaruka yenyewe ikaandika 236. Nikarudisha soketi, nikavuta, ikawaka.

Yaani nimeona kwa macho yangu ncha zikigusana. CDI ya watu nimelipia bure.

Sasa nafanyaje, nanunua sahani nzima mpya, ya mtumba, au kuna kusuka? Maana mpya ya kampuni hawatengenezi tena kwa mtambo huu, kuna za kuiga kwenye mtandao na kuna za mtumba kwenye mashine zilizochinjwa, na huku za kuchinjwa hazikosekani. Ndo kwao hizi, Polaris ilianzia Roseau mwaka 1954 na Arctic Cat ni Thief River Falls, kila shamba lina mbili tatu nyuma ya ghala zimeota nyasi.

fundi_mkokotoni

Alhamdulillah. Sasa umeijua, haikutishi tena.

Kusuka huku tunasuka, yupo mzee mjini anasuka koili za mashine kwa mkono, waya unautoa kwenye koili za zamani, lakini hesabu ya mizunguko lazima ijulikane na varnishi iwe ya kuhimili moto, la sivyo inakufa mwezi huo huo. Kama huko kwenu hakuna mtu wa kazi hiyo tafuta sahani iliyo nzima.

Kufungua sasa, hapa ndipo watu wanapoharibu. Ukishatoa kifaa cha kamba na puli ya mkanda wa feni utaiona nati ya flaiwili. Ifungue, lakini flaiwili haitatoka kwa kupigwa nyundo. USIIPIGE NYUNDO. Sumaku zinapasuka, ncha ya krenki inapinda, umeondoa ugonjwa wa koili umejitafutia ugonjwa wa krenki. Ina matundu matatu ya bolti, tafuta pula yake, kile kifaa cha kuivutia nje, kaza taratibu, ikikataa kaza kidogo zaidi halafu gonga kichwa cha bolti ya katikati ya pula, itaruka kwa kishindo.

Kabla hujalegeza skrubu za sahani, chora alama kwa kitu chenye ncha, sahani kwenye mwili wa injini, mstari mmoja unaopita vyote viwili. Sahani ile inazunguka, na ukiirudisha imepinda kidogo tu taimingi yako imehama, na tu-stroki taimingi ikiwa mbele sana inatoboa pistoni. Ukiweka sahani nyingine hamishia alama hiyo hiyo, au tumia alama za kitabu.

Kwenye koni ya krenki futa mafuta yote, iwe kavu kama sahani ya sikukuu. Angalia kile kipande cha ufunguo cha nusu mwezi, kikiwa kimekatwa hata kidogo badilisha, flaiwili ikihama juu ya krenki cheche itakuwepo lakini itapiga saa isiyo yake na utanirudia hapa unasema mashine inawaka inapiga kamba mkono. Nati kaza kwa kipimo cha kitabu, usikadirie.

mama_wawili_oulu

Kwa mtumba nakupa mbinu. Ukienda kununua sahani kwa mtu usikubali kipimo cha baridi peke yake, na hutakuwa na injini ya kuichemshia. Beba drayya ya nywele. Kweli kabisa sicheki. Muombe muuzaji soketi ya umeme, shika multimita kwenye koili ya kulisha, ipulize na drayya taratibu huku unatazama. Koili nzima itapanda polepole, 200, 210, 225, 240, bila kuruka. Bovu itapanda halafu itaruka, au itacheza cheza hovyo. Geuza pia waya zinapotoka kwenye koili, pale kwenye maungio ya risasi ndipo zinapovunjika mara nyingi kwa mtetemo. Muuzaji akikukatalia kupima, basi umeshapima.

Na kingine ukiwa umeshafungua kila kitu. Soketi zote za huko chini zipake grisi ya umeme, ile nyeupe isiyopitisha. Ukitoka nje theluji imeingia kila mahali, ukiingiza mashine kwenye joto inayeyuka inajaa kwenye soketi, usiku inaganda tena, kila siku hivyo. Kama unaibeba kwenye trela barabarani na chumvi wanayomwaga barabarani ndo kabisa, pini zinakuwa kijani. Na mwanzo wa msimu kagua waya kama panya hawajajisevia, kiangazi chote huwa wanalala humo.

mdigo_wa_baridi

Wakuu narudi na mrejesho. Sahani nimeipata kwa mzee mmoja mkulima, kanitazama sana nilivyotoa drayya ya mke wangu mfukoni lakini akanichomekea. Imepanda bila kuruka. Flaiwili imetoka na pula kwa kishindo kile kile fundi ulichosema, nilidhani nimevunja kitu. Ile koili ya zamani nimeikata nyumbani, rangi yake imekuwa kahawia iliyoiva upande mmoja na gamba lake limepasuka kama udongo wa jaruba lililokauka, waya sikuweza kuuona ulipokatikia lakini nikiipasha na drayya inakata pale pale.

Leo nimezunguka nayo mchana wote haijakata. Kamba yenyewe naona inaitika kwa mvuto mwepesi zaidi kuliko zamani, sijui ni mimi tu.

Kitu kimoja kidogo kimebaki, taa ya mbele. Nikiwa taratibu ni ya kawaida, nikipiga mafuta inakuwa nyeupe kali sana, na balbu imeshaungua. Nimeweka nyingine nayo nina wasiwasi nayo. Nimeharibu kitu wakati nafunga?

mama_wawili_oulu

Sio wewe tu, mvuto umekuwa mwepesi kweli. Koili dhaifu inahitaji flaiwili izunguke kasi zaidi ndo ifikishe volti za kuijaza CDI, na kwenye baridi mafuta mazito yanazuia krenki isizunguke kasi. Koili nzima inatoa cheche hata kwa mvuto wa mtoto.

buda_wa_edmonton

Congrats mkuu, na mimi nimemeza maneno yangu ya short 😅

Taa inakuwa kali ukipiga mafuta hiyo ni regulata. Koili ya taa inatoa volti zaidi kadri injini inazunguka, regulata kazi yake ni kuishikilia hapo karibu na 13, 14. Ikikufa ama isipokuwa na bodi nzuri, volti inapanda bila breki na balbu inapasuka, ikiendelea vipasha moto vya mikono pia vinachomeka. Lakini kabla ununue, angalia imefungwa kwa chuma safi. Regulata nyingi ya hizi sledi inapata bodi kupitia bolti yake yenyewe, ukiirudisha juu ya rangi ama kutu haifanyi kazi. Kwangua mpaka chuma ing'ae, funga, halafu weka multimita kwa AC kwa soketi ya taa upige mafuta pole pole uone inasimama wapi. Ikipita 15 na bado inapanda, zima, nunua regulata. Hii haina uhusiano na cheche, ni koili tofauti, so hata bila taa itawaka, lakini usiku kwa ziwa bila taa usijaribu.

mdigo_wa_baridi

Bolti ya regulata nilikuwa nimeihamisha ili nipate nafasi ya mkono, na niliirudisha juu ya rangi. Nimekwangua, inasimama 13.8 hata nikipiga mafuta. Nawashukuru wote, Mungu awazidishie. Jumamosi ziwani inshallah, barafu imeshafika inchi 8, wenye mamlaka huku wanasema kwa hizi mashine isipungue 5 mpaka 7.

fundi_mkokotoni

Amin. Tutumie picha ya samaki. Na ile soketi ya kuzimia uliyoichomoa siku ya kwanza, umeirudisha? Sijakuona ukisema popote. Kama bado, irudishe leo, halafu washa, vuta ile kamba ya kwenye koti mashine ikiwa inanguruma uhakikishe inakufa. Halafu bonyeza na kitufe chekundu. Halafu ufunguo. Zote tatu, moja moja, na ile ya akseleta ikague kama kitabu kinavyoelekeza, kabla hujakanyaga barafu.

mdigo_wa_baridi

Kweli fundi ilikuwa bado inaning'inia. Nimerudisha, nimejaribu zote, zinazima.